Kundi Dogo Lililotangulia

Mkazi wa Tunduma hahitaji kuambiwa kwamba mahindi hayavuki mpaka wa Tanzania na Zambia kwenda Nakonde kwa sababu bei ya kule ni kubwa. Yanavuka kwa sababu bei ya kule na ya huku hazilingani. Zikilingana, hata yawe ghali kiasi gani pande zote mbili, njia za panya hulala. Aliyeelewa hilo ameshapita sehemu ngumu kuliko zote katika kazi waliyoichapisha mwaka 2000 Alexander Anderson, Mark Chaplain na wenzao. Wawili hao, wakiwa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walitaka kueleza kwa milinganyo tofautishi jinsi seli za saratani zinavyopenya tishu jirani.

Swali lao lilikuwa finyu kwa makusudi. Hawakuuliza uvimbe unakuaje, waliuliza seli zinahamaje. Wakabakiza vitu vitatu: msongamano wa seli, n, kiunzi cha protini kinachoishikilia tishu, f, na vimeng'enya ambavyo seli huvitoa kukivunja kiunzi hicho, m. Mlinganyo wa f ni mfupi: kiunzi kikikutana na vimeng'enya kinapungua, basi, hakijengwi upya. Wa m unasema vimeng'enya vinatolewa na seli, vinasambaa kidogo, kisha vinaisha nguvu. Uzito uko kwenye mlinganyo wa seli zenyewe:

∂n/∂t = D∇²n − χ∇·(n∇f)

Kushoto ni kasi ya kubadilika kwa msongamano mahali fulani. Kipande cha kwanza cha kulia ni mtawanyiko: seli zinatangatanga bila dira, palipojaa panapungua na palipo wazi panajaa. Ni mwendo mvivu mno. Tuchukue D kuwa sentimita za mraba 10⁻¹⁰ kwa sekunde, kiwango cha kawaida katika kazi za aina hii. Kwa mwaka mzima seli zitakuwa zimesogea, kwa wastani na kwa mwelekeo mmoja, kama milimita 0.8. Na kwa kuwa umbali hufuata kipeuo cha pili cha muda, kufika mara mbili ya hapo kunataka miaka minne.

Kipande cha pili ndicho cha Tunduma. ∇f si wingi wa kiunzi, ni tofauti yake kati ya hapa na hatua ya mbele. Seli hufuata kiunzi kinapozidi kuwa kinene, mwendo uitwao haptotaksisi, na χ hupima zinavyouitikia mvuto huo. Uzuri ni kwamba seli zenyewe huizidisha tofauti inayozivuta, kwa kula kiunzi zilipo. Wachuuzi wa kwanza wakishashusha mzigo, bei ya hapo inaanguka. Mwenye kutaka faida inabidi asonge mbele, na waliochelewa wanakuta bei imesawazika.

Milinganyo hii haitatuliki kwa kalamu. Nafasi iligawanywa vipande vidogo na muda hatua fupi, kisha kompyuta ikakokotoa hatua kwa hatua, ikianza na rundo la seli kwenye ukingo mmoja. Haptotaksisi ikiwa imezimwa, rundo linatandaa taratibu. Ikiwashwa, linagawanyika. Kundi dogo linaifuata tofauti ya kiunzi na kutangulia. Kundi kubwa linabaki palipokwisha kuliwa, likiutegemea mtawanyiko peke yake. Waandishi walitaja hatari yake: daktari wa upasuaji akiuondoa uvimbe mkubwa, kundi lile dogo laweza kumponyoka na ugonjwa ukarudi.

Angalia kisichokuwemo katika milinganyo hii: hakuna kuzaliana kwa seli. Wapo watakaoona kasoro. Mimi naona ndiyo nguvu ya kazi hii. Kuzaliana kungekuwemo, mtu angedai kundi la mbele ni watoto wa seli chache zilizopotea. Bila kuzaliana, mgawanyiko umeletwa na mwendo tu. Udhaifu uko kwingine. Msongamano unaruhusu sehemu moja ya mia ya seli, kitu ambacho hakipo duniani. Ndiyo maana wakaigeuza hesabu ileile kuwa uwezekano: kila seli, kwa kila hatua, ibaki ilipo au iende kwenye kimoja cha vipande vinne vya jirani, ikielemea penye kiunzi zaidi.

Saa ya milinganyo hii inaanza ukuta unaozizuia seli ukishatobolewa. Katika saratani ya mlango wa kizazi, kwa mfano, kabla ya hapo seli zilizobadilika hubaki juu ya ukuta huo, yaani utando wa chini. Shirika la Afya Duniani hukadiria miaka 15 hadi 20 kufikia saratani kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, na 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila tiba. Kipimo cha siki, cha kuzitambua seli hizo zilizobadilika, hufanya kazi ndani ya kipindi hicho. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, iliyoanza kutolewa Tanzania kwa wasichana mwaka 2018, hufanya kazi kabla yake.

Utando ukishapenywa, safari ya mgonjwa wa Songwe, mkoa ilipo Tunduma, huwa ni Mbeya, na mara nyingi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Huko, ugonjwa ukiwa umeenea karibu na ulipoanzia tu, mionzi huelekezwa hadi kwenye tezi za limfu za nyonga, si kwenye uvimbe unaoonekana tu. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko kazi ya Dundee.  Milinganyo imekuja baadaye kutaja sababu mojawapo ya tahadhari hiyo.