Uwanja Mmoja, Ngoma Mbili

Wapenzi wa muziki wa metali huhesabu umri wa bendi kwa albamu. Opeth ya Sweden ilianza na Orchid mwaka 1995, mwimbaji akinguruma kama simba aliyejeruhiwa. Ilipofika Heritage, mwaka 2011, ngurumo ikawa imetoweka kabisa, na mashabiki wakaanza kubishana.

Kwenye ngoma za Usukumani, Tanzania, habishani mtu. Shabiki aliyechoshwa hugeuza mgongo akavuka uwanja.

Ndivyo yalivyo mashindano ya makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu. Asili yake husimuliwa kuwa ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindania nani ana dawa kali zaidi. Kipimo kilikuwa chepesi: wafuasi wao wacheze siku moja, uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na watu waende wanakotaka. Mpaka leo, mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia Juni hivi, ngoma mbili hulia kwa pamoja na umati ndio mwamuzi. Kila kundi lina dawa yake ya mvuto, samba, lakini mganga mwenyewe anajua dawa haiimbi.

Kwa hiyo manju anayerudi na wimbo wa mwaka jana ameshindwa kabla hajafungua kinywa. Upande huu mchezaji anajizungushia chatu shingoni, watoto wanakimbilia huko; upande wa pili inachomolewa sanamu ya mbao, vumbi linahama na watu. Mzee mmoja amesimama katikati, mkono kwenye usukani wa baiskeli. Chatu wengi ameshawaona. Anasubiri maneno.

Ngoma ya Bugobogobo nayo ilitoka shambani, kwa vijana waliolima kwa kundi huku ngoma ikiwapigia mwendo. Sasa jembe hurushwa juu na kudakwa mbele ya watazamaji. Baada ya mwaka 1947, chini ya mpango wa kikoloni wa kuendeleza Usukuma, familia nyingi zilihamia Geita kutafuta ardhi, na ngoma zikahama nazo. Mmarekani Frank Gunderson, aliyechapisha kitabu kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma mwaka 2010, anaonyesha jinsi wakulima walivyorithi mengi kutoka kwa wawindaji na wapagazi. Kila kizazi kilichukua cha wenzake, kikaongeza chake.

Siku hizi, kwenye miji ya dhahabu, wimbo wa Kisukuma hupigwa kwa kinanda na spika kubwa, video ikarushwa mtandaoni. Si vibaya, wengine wanatunga vizuri sana. Ila kinanda kilichotegeshwa hakioni watu wakiondoka, na mpiga ngoma huona, akabadilisha pigo palepale.

Atakayepita Shinyanga baada ya mavuno asitafute kiti. Asimame katikati, kwa yule mzee mwenye baiskeli, aone miguu yake itampeleka upande gani.