Alama Thelathini: Uchambuzi wa Kurudia Hisabati ya Juu ya Kidato cha Sita

Matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka Julai, aliyekosa sifa za chuo kikuu huambiwa mambo mawili na karibu kila anayekutana naye: asome zaidi, na aache hofu. Wanaosema hivyo wanamtakia mema, ila hawamwambii asome nini zaidi, wala hofu aiache vipi. Hapa ninachambua jinsi binti mmoja wa tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) alivyorudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mimi nilimsimamia upande wa Hisabati, kuanzia Julai hadi Mei iliyofuata.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyobadili kila kitu kilichofuata. Alikuwa na D ya Fizikia, E ya Kemia na S ya Hisabati. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hizo tano huitwa prinsipo; S haimo. Kiwango cha chini cha kuomba shahada ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, na yeye alikuwa na 3. Kupandisha Kemia hadi D kungemfikisha kwenye 4, lakini alitaka uhandisi, na huko bila Hisabati huendi. Lengo likawa moja: S ya Hisabati iwe D.

S ni alama 35 hadi 39, na D inaanzia 50. Matokeo huonyesha daraja tu, kwa hiyo hakuna njia ya kujua kama alipata 35 au 39. Tukachukua iliyo mbaya zaidi. Pengo likawa alama 15 katika 100. Somo lina karatasi mbili za alama 100 kila moja, kwa hiyo ukizihesabu sawasawa, kinachotafutwa mezani ni alama 30 katika 200.

Julai yote alikuwa akisema Hisabati imemshinda. Mtu aliyeshindwa na somo zima hana pa kuanzia. Hufungua kitabu ukurasa wa kwanza, akafika sura ya tatu, akachoka. Aliyepungukiwa alama 30 anaweza kuzitafuta zilipo, na hiyo ilikuwa kazi ya Agosti.

Ugumu ni kwamba Baraza la Mitihani halimrudishii mtahiniwa karatasi zake. Mrudiaji anajua amekosa bila kujua amekosa wapi. Tulitumia vitu viwili. Cha kwanza ni maswali yaleyale aliyoyafanya Mei: alikaa nayo tena na kuandika, swali kwa swali, alichokumbuka kukiandika siku ile, si anachokijua sasa. Cha pili ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zile ambazo walimu huziita CIRA. Baraza huzitoa kwa kila somo. Zinaeleza kila swali lilidai nini, watahiniwa walikosea wapi, na huweka nakala za majibu mazuri na mabaya jinsi yalivyoandikwa na watahiniwa wenyewe. Nasikitika kila ninapokutana na mwanafunzi aliyenunua vitabu vitano vya maswali na majibu na hajawahi kuifungua CIRA hata moja. Ndani yake utaona mtu aliyepata jibu sahihi akapoteza alama kwa kuruka hatua, na mwingine aliyekosa jibu la mwisho akavuna alama nyingi kwa sababu njia yake inaonekana.

Muundo wa karatasi nao unasaidia uchunguzi. Kwa muundo uliozoeleka, Karatasi ya Kwanza ina maswali 10 ya alama 10 kila moja, yote ya lazima, na kwa sehemu kubwa kila swali linabeba mada yake: kikokotoo, haipaboliki, linia programing, takwimu, seti, fanksheni na nyinginezo. Karatasi ya Pili ina maswali manne ya lazima ya alama 15, kisha unachagua mawili ya alama 20. Ukijua hivyo, unaweza kuweka kila mada alama zake.

Picha iliyotoka ilimshangaza. Alidhani intigresheni ndiyo iliyomwangusha, maana ndiyo aliyoihangaikia usiku mwingi. Kwa makadirio yetu, alama 7 ambazo angeweza kuzipata zilikuwa kwenye swali la kikokotoo: aliazima kikokotoo cha mwenzake asubuhi ya mtihani, kikiwa kwenye redian wakati swali linataka digrii, na hakujua pa kubadilishia. Alama 8 zilikuwa kwenye linia programing, swali ambalo hakulifikia kabisa kwa kuishiwa muda. Alama 6 zilikuwa za takwimu, na 9 zilikuwa za mantiki kwenye Karatasi ya Pili, mada aliyoisoma wiki ya mwisho juujuu. Jumla ni 30. Makadirio ni makadirio, kwa hiyo tulilenga 45 ili tukikosea bado pengo lizibike. Lakini tazama orodha hiyo: hakuna mada ngumu hata moja ndani yake.

Sasa hofu. Mrudiaji ana hofu ambayo anayefanya mara ya kwanza hana, kwa sababu amekwisha kushindwa na ushahidi upo, umebandikwa kwenye tovuti pamoja na namba yake. Lakini nimejifunza kutokubali kila kinachoitwa hofu. Wanafunzi wengi husema, “Nyumbani naweza, nikiingia chumba cha mtihani nasahau.” Sehemu kubwa ya usahaulifu huo haitokani na hofu. Inatokana na namna walivyojizoeza.

Mwaka 2007, Rohrer na Taylor wa Chuo Kikuu cha South Florida huko Marekani walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu wa Hisabati angepaswa kulijua. Wanafunzi walifundishwa kutafuta ujazo wa maumbo manne wasiyoyazoea. Kundi moja lilifanya mazoezi ya umbo moja hadi yakaisha, likaenda umbo la pili. Kundi jingine lilipewa maswali yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi, waliofanya umbo mojamoja walipata asilimia 89, na waliochanganya 60. Wiki moja baadaye wakapewa mtihani. Waliochanganya walipata asilimia 63, na wale wa kwanza 20.

Nasi tunasoma kama hao wa kwanza. Wiki hii vekta, wiki ijayo namba changamano, maswali ishirini ya aina moja mfululizo. Mwanafunzi akifika swali la tano hahitaji tena kuamua atumie njia gani, kwa sababu njia ameishika tangu swali la kwanza. Mtihani unadai uamuzi huohuo ambao hajawahi kuufanya hata siku moja. Akikwama anapaniki, kisha anailaumu paniki. Kuanzia Septemba binti huyu hakufanya tena seti ya mada moja, isipokuwa siku ya kuielewa mada yenyewe. Kila jioni alikuwa na maswali sita kutoka mada sita, yaliyokatwa kwenye mitihani iliyopita na kuchanganywa, bila kichwa cha mada. Wiki za mwanzo alikosa mengi, akakata tamaa, akaomba turudi kwenye mtindo wa zamani. Sikukubali. Mtindo wa zamani unampa mtu furaha jioni na kumwangusha Mei.

Tukishaondoa usahaulifu wa aina hiyo, inabaki hofu yenyewe, nayo ina pande mbili. Liebert na Morris walizitenganisha tangu mwaka 1967: upande mmoja ni mwili, yaani moyo kwenda mbio, jasho na tumbo kuvurugika, upande mwingine ni mawazo ya kushindwa yanayojirudia kichwani. Kinachoambatana zaidi na matokeo mabaya ni mawazo. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kukokotoa: ile sehemu ndogo ya akili inayoshika namba za hatua hii wakati unaandika hatua ijayo ndiyo hiyohiyo inayobeba “nikifeli tena nitamwambia nini baba”. Haina nafasi ya vyote viwili.

Kwa hiyo mwili hatukuupiga vita. Jamieson na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2010, waliwaambia baadhi ya wanafunzi waliokuwa wakijiandaa na GRE, mtihani wa kuingia masomo ya uzamili Marekani, kwamba mwili kusisimka wakati wa mtihani hauharibu kazi na huenda ukasaidia. Walioambiwa hivyo walifanya vizuri zaidi kwenye Hisabati ya majaribio, na baadaye kwenye ile ya GRE yenyewe. Nilimwambia binti maneno hayohayo: moyo ukienda mbio, uache, unafanya kazi yake.

Ipo pia mbinu maarufu ya kuandika hofu zako kwenye karatasi kwa dakika 10 kabla ya mtihani. Ramirez na Beilock waliichapisha mwaka 2011 kwenye jarida la Science, ikaenea mno. Lakini mwaka 2018 kundi kubwa la watafiti lilirudia majaribio 21 yaliyotoka Science na Nature, na hilo ni miongoni mwa yaliyoshindwa kutoa matokeo yaleyale. Haina madhara, anayeipenda aitumie. Sisi hatukuitegemea.

Tulitegemea mazoezi yanayofanana na mtihani hadi kuchosha. Kuanzia Januari alifanya karatasi nzima ya saa tatu kila Jumamosi, saa 2:00 asubuhi kamili, kwenye darasa la shule asiyoizoea, chini ya msimamizi asiyemjua. Alitumia kikokotoo chake mwenyewe, na jambo la kwanza baada ya kuketi lilikuwa kukiangalia kiko digrii au redian. Kwa Karatasi ya Kwanza, dakika 180 tuliziweka hivi: 10 za kusoma maswali yote, 16 kwa kila swali, 10 za kukagua. Dakika 16 zikiisha anaacha nafasi na kuendelea, hata kama jibu analiona mbele yake. Kanuni hiyo ilimuuma kuliko nyingine zote. Jumamosi za mwanzo aliivunja mara kwa mara, na kila alipoivunja, maswali mawili ya mwisho yalibaki meupe, kama Mei ile.

Faida ya mazoezi hayo kwa hofu ni ya moja kwa moja. Mawazo ya kushindwa huingia pale ambapo hakuna uamuzi uliokwisha kufanywa: nianze na lipi, nikikwama nifanye nini, muda unatosha? Maamuzi hayo yote yalifanywa Januari. Tulikubaliana pia afanye nini akikwama: aweke kalamu chini, ashushe pumzi ndefu mara tatu, aandike kilichotolewa kwenye swali na kinachotafutwa, kisha aendelee au aruke. Alilizoea zoezi hilo kiasi kwamba hakuhitaji kulikumbuka.

Mtihani wenyewe hauna mengi ya kusimulia. Alianza na kikokotoo, takwimu na linia programing, mada zilizokuwa na alama zake, na haipaboliki akaiacha mwisho. Swali moja la vekta lilimshinda, akaliacha dakika zilipokwisha. Julai Hisabati ilisomeka D.

Fizikia ilibaki D na Kemia E. Prinsipo za Fizikia na Hisabati zilimpa pointi 4, zinazotosha kuomba. Lakini vyuo huchagua kwa ushindani, na programu za uhandisi zinazogombaniwa huweza kujaa waombaji wenye pointi nyingi kuliko hizo. Hapo ndipo penye gharama ya mpango huu: Jumamosi zote zilikwenda Hisabati. D yake ya Fizikia inaweza kuwa ilikuwa 50 au 59, na kama ilikuwa 59, alama moja tu ingeifanya C na pointi zikawa 5. Mwenye masomo mawili yanayoweza kupanda afanye hesabu ya pengo kwa yote mawili Julai ileile, achimbe CIRA za yote mawili, na kuanzia Januari agawe Jumamosi: wiki hii Hisabati, wiki ijayo Fizikia, vitendo vya maabara vikiwamo, kwa sababu mtahiniwa wa kujitegemea asiye na maabara karibu asipoitafuta mapema ataigusa siku ya mtihani.