Mimi ni Wakati: Istilahi katika Onyesho la Kwanza la Mahabharat

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 2 Oktoba, 1988, televisheni ya taifa ya India, Doordarshan, ilianza kuonyesha tamthilia ya mfululizo iitwayo Mahabharat. Mtayarishaji wake alikuwa B.R. Chopra, mwongozaji mwanawe Ravi Chopra, na mwandishi wa mazungumzo Rahi Masoom Raza. Ilimalizika mwezi Juni, 1990, baada ya maonyesho 94. Hatukusudii kuihakiki tamthilia nzima katika makala hii. Tutalitazama onyesho la kwanza tu, tena kwa jicho la mtu wa istilahi. Tamthilia za India zenye sauti za Kiswahili zimekwisha kuingia majumbani mwetu, na kosa la mfasiri linalosikika sebuleni husambaa upesi kuliko sahihisho lolote linalochapwa katika kurasa kama hizi.

Mahabharata yenyewe ni utenzi wa Kisanskriti ambao kwa mapokeo huhesabiwa kuwa na beti laki moja. Na neno "laki" tumelichukua huko huko Bara Hindi. Katika utenzi, kisa husimuliwa na Vaishampayana, mwanafunzi wa Vyasa, mbele ya mfalme Janamejaya. Raza aliiacha njia hiyo. Onyesho lake linafunguliwa na sauti ya msemaji asiyeonekana, naye anajitambulisha kuwa yeye ni Samay, yaani Wakati. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo bora kuliko yote katika onyesho hili. Msimulizi wa namna hiyo hana ukoo wa kuupendelea wala adui wa kumwogopa, na mtazamaji hana budi kumsikiliza.

Lakini tazama uteuzi wa neno. Kihindi na Kiurdu vinakaribiana sana katika maongezi ya kila siku. Tofauti yao kubwa imo katika hati na katika maneno ya kitaalamu: Kihindi huelekea Kisanskriti, Kiurdu huelekea Kiajemi na Kiarabu. Raza, ambaye alikuwa Mwislamu na mwandishi wa riwaya, aliyajua maneno ya pande zote mbili. Angeweza kusema "vaqt", neno la asili ya Kiarabu ambalo ni ndugu wa "wakati" wetu. Alichagua "samay". Katika tamthilia nzima alifuata mkondo huo huo, akiyaweka kando maneno ya Kiajemi na Kiarabu ili mtazamaji ahisi kuwa yumo katika zama za kale.

Hapo huzuka swali kwa mfasiri wa Kiswahili. Je, naye ayakwepe maneno yenye asili ya Kiarabu? Wako wanaodhani kuwa ndivyo, kwa hofu kwamba wafalme wa Kihindu watasikika kama masultani. Sisi hatukubaliani nao. Maneno "wakati", "haki", "wajibu" na "heshima" si mali ya dini moja wala ya pwani peke yake. Ni mali ya kila asemaye Kiswahili, kuanzia mahakamani hadi shambani. Mfasiri atakayeyafukuza atabakiwa na lugha iliyokatwa mguu. Mwandishi alitaka mtazamaji asikie ukale na heshima. Athari hiyo mfasiri aitafute kwa mpangilio wa sentensi na kwa kuepuka maneno ya mjini, wala asiitafute kwa kuchunguza nasaba ya kila neno.

Kadhalika hatuungi mkono wale ambao wangefasiri Samay kuwa "Dahari". Neno hilo ni zuri katika ushairi, lakini "samay" ni neno ambalo hata mtoto wa Kihindi hulitumia. Utukufu wake unatokana na sauti inayolitamka, si ugumu wake. "Mimi ni Wakati" inatosha, kwa herufi kubwa, na kwa upatanisho wa viumbe hai: Wakati anasema, Wakati ameona.

Baada ya utangulizi huo tunaletwa kwa mfalme Bharata. Ana wana tisa, na anapowapima haoni hata mmoja afaaye kutawala. Badala yao anamteua Bhumanyu, mwana wa Bharadwaja, kuwa "yuvraj". Mama yake, Shakuntala, anamhoji, naye Bharata anajibu hoja kwa hoja. Mzozo wao unazunguka maneno mawili, "janm" na "karm". Mfasiri mvivu atafurahi kukutana na "karm", akaandika "karma" na kuendelea na safari. Hapo atakuwa amepotea. Karma, kwa jinsi neno hilo linavyojulikana kwetu, ni malipo ya matendo yanayomfuata mtu. Bharata hasemi habari za malipo. Anapima jambo alilozaliwa nalo mtu dhidi ya jambo alitendalo. Kiswahili kina jozi iliyo tayari: nasaba na matendo. Pasipo haja ya kukopa, tusikope.

Neno zito zaidi ni "dharma". Linasikika hata kabla ya Bharata kutokea, kwani wimbo wa ufunguzi unabeba beti za Bhagavad Gita ambamo Krishna anaeleza kuwa dharma inapodhoofika yeye hujidhihirisha. Tulipata kuona rasimu ya tafsiri ambayo neno hili limefanywa "dini" kila mahali. Asili ya kosa hilo si ngumu kuieleza: katika Kihindi cha leo neno "dharm" hutumika pia kwa maana ya dini, hata katika fomu za serikali. Matokeo yake lakini ni mabaya. Mfalme anayetimiza wajibu wa kiti chake, jambo liitwalo "rajadharma", akageuka kuwa mtu anayesema kuwa dini yake inamkataza kumrithisha mwanawe. Mtazamaji wa Dodoma au Kisumu ataamini kuwa Wahindu wamekatazwa kurithishana, na siku ya pili mwalimu ataulizwa hivyo darasani. Huu si upungufu mdogo wa tafsiri. Ni kuwasingizia raia wenzetu, ambao mahekalu yao yako katika miji yetu kwa miaka mingi, jambo wasiloliamini.

Tukigeukia namna ya kuitana, tunakuta funzo kwa waundaji wa istilahi. Wana wa wafalme huwaita wazazi wao "pitashri" na "matashri", maneno ambayo Raza anasifika kuwa ndiye aliyeyaunda kwa kuunganisha "pita" na "mata", yaani baba na mama, na "shri", neno la heshima. Maneno hayo yalikubalika upesi sana. Tunaona sababu mbili. Kwanza, kila sehemu ya neno ilikuwa inajulikana, hivyo hakuna aliyehitaji kamusi. Pili, yalisikika kila juma vinywani mwa watu wenye furaha na huzuni, hayakutolewa katika orodha. Sisi tunaotunga orodha tuyaweke hayo moyoni.

Hata hivyo hatupendekezi "baba mtukufu". Kiswahili huonyesha heshima kwa njia nyingine. Vijana wa tamthilia hii huwagusa wakubwa miguu na kusema "pranam". Nasi tunayo "shikamoo", ambayo asili yake huelezwa na wengi kuwa ni "nashika miguu yako". Ni nadra lugha mbili kukutana kwa ukaribu namna hiyo. Tahadhari iko katika jibu. Mkubwa wa Kihindu hujibu kwa kubariki, akimtakia mdogo maisha marefu, hali "marahaba" ni kupokea salamu tu. Basi kijana aseme "Shikamoo, baba", na mzee ajibu "Uishi miaka mingi, mwanangu".

Tamthilia yenyewe haikosi dosari. Usanifu wa lugha unazidi kipimo: mfalme, mama yake na watu wa barazani wote husema kwa kimo kimoja, hata mtu akifumba macho hatambui daraja la msemaji. Aidha, waigizaji husimama mno wakihutubiana. Mfasiri asiongeze uzito juu ya uzito huo.

Kwa kumalizia tunapendekeza yafuatayo:

1. "Dharma" ifasiriwe "wajibu" inapohusu cheo au nafasi ya mtu. Inapotajwa kama msingi mzima wa haki na utaratibu wa ulimwengu, kama katika beti za Krishna, ibaki "dharma", ngeli ya N, ielezwe mara moja mwanzoni. "Dini" itumike pale tu msemaji anapotaja imani.

2. "Karm" iwe "tendo" au "matendo", ila pale inapokusudiwa itikadi ya malipo, ndipo "karma".

3. "Yuvraj" iwe "mrithi wa kiti".

4. "Vachan", kama ile ambayo mfalme Shantanu anampa Ganga kwamba hatamhoji kwa lolote atakalotenda, iwe "ahadi". "Pratigya" iwe "kiapo". "Nadhiri" isitumike, kwani kwetu nadhiri huwekwa kwa Mungu.

5. "Shap" iwe "apizo", kwa kuwa hutamkwa na mtu kwa kinywa chake.

6. Ipambanuliwe "-a Kihindi", yaani ya India au ya lugha ya Kihindi, na "-a Kihindu", yaani ya dini ya Uhindu. Kila Mhindi si Mhindu; na mwandishi wa mazungumzo haya mwenyewe ni shahidi wa hilo.

Tunawakaribisha wafasiri na walimu watoe maoni yao juu ya mapendekezo haya.