Mpagazi Hula Mzigo Wake

Goma ni mji unaoishi kwa vitu vilivyobebwa. Ardhi yake ni mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, na kuchimba kisima hapa ni kupigana na mwamba. Maharagwe hutoka Rutshuru, viazi na jibini hutoka Masisi, makala hushuka juu ya chukudu, baiskeli za mbao, kwenye barabara ya Kibumba, na kontena zilizoshushwa Mombasa hukata Uganda, pengine na Rwanda pia, ndipo zifike mpakani. Mtu wa hapa ana kila sababu ya kuiheshimu kazi ambayo vitabu vya vita huipitia mbio: kazi ya yule anayejua kilo ngapi zimo ghalani, zitaliwa kwa siku ngapi, na zitafikishwa na nani.

Nimewatazama watunza depo wa mji huu kazini. Aliye mzoefu haanzi na gunia zilizo mlangoni. Huenda moja kwa moja nyuma, kule zinakogusana na ukuta, maana ndiko unyevu huanzia na ndiko upungufu hufichwa. Huingiza mkono, hunusa, huhesabu safu, kisha ndipo hurudi kwenye fishi, kadi yake ya hesabu. Nampenda mtu wa namna hiyo, asiyeyaamini maandishi yake mwenyewe mpaka ameyapima kwa mkono.

Katika karne ya 19, bingwa wa kazi hii kwa kiwango cha taifa zima alikuwa Mmarekani, Montgomery Meigs. Alikuwa mhandisi wa jeshi. Ndiye aliyejenga mfereji wa kuleta maji Washington na kusimamia upanuzi wa jengo la Bunge. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza, alipewa ukuu wa ugavi wa jeshi la Kaskazini, akaushika hadi 1882. Tatizo lake kubwa lilikuwa tumbo la mnyama. Farasi mmoja wa jeshi alipangiwa takriban kilo 12 za nyasi na nafaka kwa siku. Gari likienda mbali mno na reli au mto, shehena yake yote huishia kwa wanyama wanaolivuta, na askari aliye mbele hapati kitu. Kazi yote ya Meigs, pamoja na meli, reli na maghala, ilikuwa kulisogeza depo mbele kabla ya hesabu hiyo kugeuka hasara. Jenerali Sherman wa Kaskazini alipoachana na reli yake mwishoni mwa 1864 na kupita katikati ya Georgia akiwa na watu wapatao 60,000, alipotokeza baharini karibu na Savannah alikuta meli za mahitaji zikimngoja pwani. Hebu fikiria: kukaa mezani Washington na kukadiria jeshi usilosikia habari zake litahitaji nini baada ya mwezi wa kutembea, na litatokea upande gani.

Baada ya vita alibuni jumba la ofisi ya pensheni huko Washington, lenye mkanda wa sanamu za udongo wa kuchoma unaolizunguka lote. Aliagiza kwamba dereva wa gari la nyumbu katika sanamu hizo awe mtu mweusi aliyekombolewa na vita. Alitaka aliyebeba naye aonekane.

Huku Kivu hapakuwa na reli wala nyumbu. Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, huko Lutobo, kusini magharibi mwa Uganda, Waingereza waliahidi kulipatia jeshi la Wabelgiji wa Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, wapagazi 5,000 na magari 100 ya ng'ombe. Mizigo ilitoka Mombasa kwa reli hadi Kisumu, ikavuka ziwa Victoria hadi Bukakata, kisha ikapandishwa kuja milimani kwetu. Ni upande uleule wa Mombasa unaotuletea kontena leo. Kigali ilichukuliwa kutoka kwa Wajerumani tarehe 6 Mei, Tabora tarehe 19 Septemba. Vitabu huorodhesha makanali. Mimi navutwa na hesabu.

Mpagazi hubeba kilo 25 hivi. Hula kilo moja ya posho kwa siku. Mtume safari ya siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi: amekula kilo 24, na wewe umepokea kilo moja. Jeshi haliwezi kuishi kwa kilo hiyo. Kwa hiyo njia hukatwa vipande, kila kipande kinapewa wapagazi wake na ghala lake, na chakula kinanunuliwa au, kwa ukweli mchungu, kinachukuliwa vijijini. Wapagazi waliotumika upande wa Kongo walizidi 200,000. Waganda waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, wakapandishwa kwenye baridi ya milima. Kuhara na kichomi viliwaua wengi kuliko risasi.

Hapo ndipo hesabu ya kilo peke yake humfikisha mtu kwenye ukatili bila yeye kujua, na ndiyo maana namthamini Oscar Watkins. Alikuwa ofisa wa utawala Kenya, akikijua Kiswahili, na Agosti 1914 alikabidhiwa kuunda kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Alianza na vikundi vya watu elfu moja, vikigawanywa kwa mamia chini ya wanyapara. Sisemi mikono yake ilikuwa safi: mwaka 1917 wanaume walikusanywa kwa nguvu, na ujira ulikuwa umeshushwa hadi rupia tano au sita kwa mwezi. Lakini Watkins aliweka rejista. Mtu alikuwa na namba na wilaya yake, na mshahara wake uliandikwa. Alisumbua wakubwa wake juu ya blanketi, juu ya wapishi, juu ya unga uive. Kwake mpagazi aliyekufa njiani hakuwa mzigo uliopotea. Alikuwa mtu anayedai.

Kwa hesabu rasmi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 40,000, na wanahistoria huamini walikuwa wengi zaidi. Wengi walikufa kabla ya kuchukua ujira wao. Vita vilipokwisha Watkins aling'ang'ania kwamba fedha hizo zilipwe, na pale ambapo warithi hawakupatikana, zitumike kwa manufaa ya wilaya walizotoka. Serikali ilipinga, na mabishano yakaendelea miaka mingi. Dai lenyewe liliweza kufika mezani kwa sababu karani fulani, jioni fulani, aliandika jina, namba na idadi ya rupia kwenye mstari mmoja.