Silaha za Enzi Zote, Historia ya Enzi Gani? Uhakiki wa Mchezo wa Time Killers

1. Utangulizi

Michezo ya video yenye umwagaji wa damu hujadiliwa aghalabu kama suala la maadili: je, inawapotosha vijana? Swali hilo lina uzito wake, ila halimwelezi mhakiki lolote kuhusu kazi yenyewe. Makala hii inauchunguza mchezo wa Time Killers, uliotolewa na kampuni ya Strata ya Marekani mwaka 1992, kama masimulizi ya vita, na kuulinganisha na masimulizi ambayo wakazi wa Thika na Ruiru wameyarithi: utabiri wa Mugo wa Kibiru. Hoja yetu ni kwamba udhaifu wa mchezo huu haumo katika damu yake bali katika usawa wake.

2. Fani

Wapiganaji wanane kutoka enzi mbalimbali wanakutanishwa. Thugg, mtu wa zama za mawe, ana shoka la jiwe. Musashi ni samurai wa Japani. Rancid hupigana kwa msumeno wa mashine. Orion anatoka katika wakati ujao. Adui wa mwisho ni Mauti mwenyewe.

Ubunifu mkubwa umo katika vitufe vitano: viwili vya mikono, viwili vya miguu na kimoja cha kichwa. Mkono ukikatwa, mpiganaji huendelea bila mkono huo, na mchezaji naye hupungukiwa na uwezo wa kushambulia. Jeraha, basi, si pambo. Limekuwa sehemu ya muundo. Anayeukataa mchezo kwa sababu ya panga na vichwa vinavyoanguka hana budi kuzikataa pia tendi zetu za vita, ukiwemo Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728. Ukatili peke yake si kigezo cha uhakiki.

3. Maudhui

Tatizo linaanza tunapouliza enzi hizo zina kazi gani. Shoka la jiwe na silaha ya wakati ujao zinapambana kana kwamba zilitoka katika karakana moja. Enzi imegeuzwa vazi.

Utabiri wa Mugo, kama Jomo Kenyatta alivyousimulia katika Facing Mount Kenya (1938), nao unakutanisha silaha za enzi mbili. Wageni watakuja na vijiti vitoavyo moto, na nyoka wa chuma atatambaa nchini. Mikuki haitafua dafu mbele ya vijiti hivyo, kwa hiyo wapiganaji wasikimbilie vita. Hapa tofauti ya silaha ndiyo kiini cha masimulizi. Reli ilipita Ruiru na kufika Thika mwaka 1913, na mashamba ya walowezi yakaenea pande zote mbili. Hata hivyo ushauri wa Mugo haukufunga mjadala. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliendelea kupambana kwa simi na bunduki za kujitengenezea dhidi ya jeshi lenye ndege za kivita. Hao hawakuwa na kipimo sawa cha uhai. Ushujaa wao unatokana hasa na kutokuwapo kwa usawa huo.

Kijana wa Ruiru anayelipia mchezo kibandani baada ya kazi hafundishwi kuua. Anachofundishwa ni kwamba aliyeshindwa alizubaa tu kubonyeza. Fundisho hilo ni la hatari zaidi, kwa kuwa linamfanya babu yake mwenye mkuki aonekane mzembe.

4. Hitimisho

Time Killers umeuheshimu mwili na kuidharau historia. Mtunzi wa Kenya atakayebuni mchezo wa aina hii anaweza kuiga lile la kwanza na kulirekebisha la pili: aziache silaha zipishane nguvu, na amdai mchezaji ujanja, subira na ushirikiano. Yasimuliwa kwamba mugumo wa Thika, uliotabiriwa kuanguka pamoja na utawala wa wageni, ulianguka mwaka 1963. Masimulizi hayo yanajua kungoja; mchezo huu haujui.