Major Hakupaswa Kurudishwa Machi

Kumchukua mbwa wa kituo cha uokoaji halikuwa kosa. Kosa lilifanyika Machi 2021, Rais Joe Biden na mkewe Jill walipomrudisha Major Ikulu ya Marekani muda mfupi tu baada ya kumwondoa kwa kuuma. Miaka imepita, na bado wapo wanaomtaja Major kila wanapotaka kumkatisha tamaa mtu anayefikiria kuchukua mbwa asiye na kwao. Hao wanamshtaki mbwa kwa uamuzi wa binadamu.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Familia ilimlea kwanza kwa majaribio, akazoeana na Champ, shepadi wa Kijerumani mwenzake wa miaka kumi, kisha ikamchukua rasmi kutoka Delaware Humane Association Novemba 2018. Kuhamia Ikulu Januari 24, 2021, siku nne baada ya Biden kuapishwa, nako kulikuwa sawa.

Machi 8 ikaja habari kwamba mlinzi wa Secret Service ameumwa. Mbwa wote wawili walikuwa wamepelekwa nyumbani kwa familia, Wilmington, Delaware. Katika mahojiano na ABC, Biden akaeleza kilichotokea: Major alipinda kona, akawakuta watu wawili asiowajua kabisa, wakajongea, naye akajongea kulinda. Akaongeza kwamba mkufunzi alikuwa akimshughulikia huko Delaware.

Maelezo hayo yalitosha kufunga mjadala. Kona, sura ngeni, mwendo wa ghafla, na mbwa mchanga aliyejipa kazi ya ulinzi ambayo hakuna aliyemtuma. Sasa Ikulu ina nini zaidi ya kona na sura ngeni? Walinzi hupokezana zamu mchana na usiku, watunza bustani huingia na kutoka, wageni hawaishi. Na Wilmington ilikuwa na nini? Nyumba aliyoizoea na watu aliowazoea. Mbwa aliyetulia pale hajathibitisha lolote kuhusu korido za Washington, kwa sababu mbwa hujifunza jambo pamoja na mahali pake. Aliyeshika amri ya kukaa sebuleni huanza karibu upya akifika uwanjani, na kila mkufunzi anayestahili ada yake analijua hilo.

Pia kuna suala la vichochezi kurundikana, ambalo safu hii imelipigia kelele tangu ianze. Mbwa aliyeshtuka leo hashuki mara moja. Msongo unaweza kubaki mwilini, na kishindo kidogo cha kesho kikamkuta yuko ukingoni tayari. Kibaya zaidi ni kwamba jino hufundisha. Mbwa akiuma na mtu akarudi nyuma, ameona dawa ya hofu yake, na ataitumia tena. Kwa hiyo kipindi kilichofuata kilipaswa kutumika kumzuia asipate nafasi nyingine hata moja: geti mlangoni, ukanda mkononi mwa mtu mmoja, kifunga mdomo alichozoeshwa kwa vitafunio, wageni wachache wanaokaa mbali na kusogezwa hatua kwa hatua. Miezi, si siku.

Akarudishwa mwezi uleule. Machi 29 akamuuma mfanyakazi wa National Park Service akiwa matembezini. Msemaji wa Jill Biden akasema Major bado anazoea mazingira yake mapya. Ikiwa bado anazoea, kwa nini apitishwe karibu na watu kiasi cha kuwafikia kwa meno? Nyaraka za Secret Service zilizotoka baadaye mwaka huo zilionyesha kwamba walinzi waliumwa mara kadhaa mwanzoni mwa Machi, wala halikuwa tukio moja. Dalili zilikuwa mezani kabla ya uamuzi kufanyika. Mafunzo ya nje yaliyotangazwa Aprili yalikuwa sahihi, ila yalitanguliwa na majeraha yasiyo ya lazima.

Halafu yuko Champ, ambaye wachambuzi wengi walimruka. Wafugaji hupenda kusema mbwa mzee atamlea mdogo. Atamwonyesha mlango wa kutokea na pa kulala, basi. Hawezi kumwondolea hofu ya wageni, na kwa umri wa miaka kumi na miwili alihitaji chake: chakula bila bughudha, kona asiyoingiliwa, siku zinazofanana. Badala yake walihamishwa wote wawili kwa pamoja, kwenda Wilmington na kurudi, kwa sababu ya kesi ya mmoja. Champ alikufa Juni 19, 2021. Hakuna anayesema safari zilimuua. Lakini mzee yule alistahili miezi ya mwisho iliyopangwa kwa ajili yake, si kwa ajili ya ratiba ya mwenzake.

Enzi za Rais Lyndon Johnson mambo yalikwenda kwa subira zaidi. Yuki, mbwa wa kuokotwa, alipatikana na Luci, binti wa Johnson, kwenye kituo cha mafuta Texas mwaka 1966. Akakaa kwanza kwa Luci, na Ikulu akaja kuhamia 1967. Huko alimkuta Traphes Bryant, fundi umeme aliyegeuka mtunza mbwa wa marais, mtu mmoja aliyejua tabia ya kila mnyama bandani. Bryant angali kipimo. Hata Rais Franklin Roosevelt, ambaye shepadi wake naye aliitwa Major na naye aliuma watu, alimwondoa Washington.

Desemba 2021 ilitangazwa kwamba Major ataishi na marafiki wa familia, mahali patulivu zaidi. Uamuzi mzuri, uliochelewa tangu Machi. Mwezi huohuo akaingia Commander, shepadi mwenye nasaba, mtoto wa miezi mitatu asiyewahi kuonja shida ya kituo. Rekodi za Secret Service zinaonyesha angalau matukio 24 ya kuuma kati ya Oktoba 2022 na Julai 2023, hadi naye akaondolewa. Wanaodai tatizo la Major lilikuwa asili yake ya kituoni waeleze basi la Commander lilitoka wapi, ilhali nyumba ilikuwa ileile, korido zilezile, na wageni hawajapungua.