Plagi ya tatu

Gari lilikuwa linamisi kilimani tu. Kwenye tambarare, Toyota IST yetu ya lita 1.5 ilikwenda kama siku zote, na likiunguruma limesimama nje ya nyumba hukusikia kasoro yoyote. Lakini likianza kupanda kuelekea Pugu, ukiongeza mafuta, linatikisika kama mtu mwenye kwikwi. Fundi alifungua boneti, akasikiliza nusu dakika, akatoa hukumu: "Bosi, koili zimechoka hizo, weka zote nne." Hakukosea kuzishuku. Ila koili nne ni pesa, na chini ya kila koili kuna kitu cha bei ndogo ambacho hakuna aliyekitazama. Jumamosi nikazitoa plagi mwenyewe.

Kilima chenyewe kilikuwa kimeshasema mengi. Kadiri hewa na petroli vinavyobanwa ndani ya silinda, ndivyo umeme unavyohitaji nguvu zaidi kuruka ule uwazi wa milimita moja hivi kwenye ncha ya plagi. Gari likiwa limesimama, silinda inavuta hewa kidogo na cheche inaruka bila taabu. Ukikanyaga mafuta mlimani, silinda inashiba, mgandamizo unapanda, na umeme unaanza kutafuta mahali pepesi pa kupitia. Pakiwa na upenyo nje ya plagi, utapita huko, na silinda itaruka zamu yake.

Injini iliachwa ipoe kabisa tangu usiku. Hedi ya injini hii ni alumini, na alumini yenye moto ikifunguliwa plagi ya chuma, uzi wake huweza kutoka pamoja na plagi. Kava la plastiki likatoka, kisha soketi za nyaya za koili. Hapa pole pole: vile vidole vya plastiki vya kubonyeza vimepikwa na joto miaka mingi, vikavu kama biskuti. Boliti ya koili ni ya spana namba 10, moja kwa kila koili. Koili izungushe kidogo kulia na kushoto kabla ya kuivuta, maana mpira wake hung'ang'ania kauri ya plagi. Nilizipanga mezani kwa mpangilio wa silinda, nikianzia upande wa cheni, ambako Toyota huhesabu silinda ya kwanza.

Kabla ya kugusa plagi, puliza shimo. Vumbi letu la barabarani hujikusanya humo chini, na plagi ikishatoka, mchanga huo hauna pengine pa kwenda ila juu ya pistoni. Mwenye kompresa atumie kompresa. Mimi nilitumia pampu ya baiskeli yenye kipande cha mpira mdomoni, nikiwa nimefumba macho kama mpishi anayepuliza jiko.

Boksi ya plagi hizi ni ya milimita 16, yenye mpira ndani wa kushika kauri. Iingie wima, na mkono mmoja uishikilie juu isilale wakati mwingine unalegeza. Boksi ikilala upande, nguvu yote inahamia kwenye shingo ya kauri. Shika neno hilo, tutalirudia.

Tatu kati ya nne zilitoka na rangi ya kahawia hafifu nchani, rangi ya injini inayokula vizuri. Zote nne zilikuwa na pete ya rangi ya chai kwenye kauri nyeupe, pale inapokutana na chuma. Wengi wakiiona huapa kwamba moshi unavuja. Si kweli: umeme mkali unaozunguka hapo huvuta chembe za mafuta zilizomo hewani, zikaganda. Haina madhara. Ya silinda ya tatu ndiyo iliyonisimamisha. Ukiigeuza juani, mstari mweusi mwembamba kama unywele uliteremka kwenye kauri hadi kwenye chuma. Ulikuwa ufa, na umeme ulikuwa umeufanya njia. Nikaichukua koili yake, nikachungulia ndani ya mpira kwa tochi: mstari ule ule, mahali pale pale, umechorwa kama kivuli chake.

Hapo ndipo wengi wangepoteza pesa mara mbili. Ukiweka plagi mpya na kuurudisha mpira ule ule, umeme unakuta njia yake ya zamani upande wa mpira, na baada ya muda mfupi kwikwi inarudi. Kisha unaambiwa plagi ni feki. Mpira wa koili huuzwa peke yake, bila koili. Nikanunua mmoja, na plagi nne.

Ufa uliingiaje? Siwezi kuapa, lakini plagi hizo zilifungwa gereji moja kwenye sevisi iliyopita, na kauri haipasuki yenyewe shingoni. Naamini boksi ililala.

Kurudisha kuna hatari zaidi kuliko kutoa. Plagi haitupwi shimoni. Ikidondokea ncha, uwazi unajifunga. Nilichomeka kichwa chake kwenye kipande cha mpira wa petroli cha kama sentimita 25, nikaishusha taratibu, nikaizungusha kwanza kinyume, kama nafungua, mpaka ikadondoka kidogo na kutoa mlio wa "tik". Hapo uzi umekutana na uzi. Ndipo nikageuza kwa kufunga. Uzuri wa mpira ni unyonge wake: plagi ikiingia kombo, mpira unateleza na kukukatalia, ilhali racheti ingeendelea kutii huku ikila uzi wa alumini. Plagi inatakiwa kuzama karibu yote kwa vidole tu.

Kukaza ndiko kunakotushinda, kwa sababu tunakaza kwa woga. Kwa plagi ya uzi wa milimita 14 kwenye alumini, watengenezaji wa plagi hutaja nyutoni mita 25 hadi 30 hivi. Kitabu cha gari kikisema pungufu, kifuate. Asiye na spana ya kupimia afikirie uso wa saa. Plagi mpya yenye washa, ikishagota kwa vidole, izungushwe kama mshale unaotoka saa sita kwenda saa kumi na mbili, isizidi saa mbili. Washa mpya ina uwazi ndani na lazima ibonyezwe. Plagi iliyokwisha kutumika washa yake imeshalala: toka saa sita hadi saa saba, basi. Anayeikaza ya zamani kama mpya ndiye kesho anayetafuta fundi wa kutengeneza uzi.

Na grisi kwenye uzi, acha. Plagi za kisasa zimepakwa madini ya kuzuia kutu, na uzi ukiteleza, nguvu ile ile ya mkono inakaza kupita kiasi. Msasa nao waachiwe wenye pikipiki za zamani. Ncha ya iridiamu ni nyembamba mno, haipendi kusuguliwa.

Jioni tulipanda Pugu, watu wanne na magunia mawili ya mkaa. Gari halikukohoa hata mara moja. Ila shimo la silinda ya nne lilikuwa na alama ya oili chini, kidogo tu, kama kisahani cha kahawa kilichofutwa vibaya. Sili ya kava la juu inaanza kuchoka. Hiyo ni kazi ya Jumamosi nyingine.